Magurudumu ya spoki za mbao stoo kwa marehemu babu, ni ya gari gani haya?

mjukuu_kibokoni
Asalam alekum wana jukwaa. Naomba msaada maana hapa nyumbani tushagombana vya kutosha kwa hili jambo. Babu yetu alitangulia mbele ya haki mwaka jana, nyumba yake iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na nyuma kuna stoo ambayo toka tukiwa wadogo tulikuwa haturuhusiwi kuingia, ukisogea tu wasikia "we toka hapo". Wiki iliyopita tukaifungua kwa sababu paa lavuja. Tukatoa mabati, madumu, cherehani mbili zote kutu tupu, nyavu za kuvulia zimeoza, halafu chini kabisa nyuma ya mlango wa kale umeegemezwa ukutani tukakuta magurudumu manne. Spoki zake ni mbao, si waya, mbao nene kiasi ukishika mkono wajaa, na kwa nje kuna chuma.

Sasa ami yangu asema hayo ni ya mkokoteni wa hamali tu, tusijisumbue. Mjomba naye upande wa mama aapa kwamba ni ya gari, motokaa kabisa, ati mzee wa babu alikuwa akiendesha wazungu zamani za ukoloni. Na kuna bwana mmoja anayepamba mahoteli huko pwani ya kaskazini alikuja kutazama mlango, akayaona, akasema atatoa elfu tatu kwa kila moja, ataweka kioo juu yawe meza. Ami yuataka kuuza hata leo.

Picha zimegoma kupanda, nshajaribu mara tano, kwa hivyo naeleza kwa maneno: matatu yana spoki 12, moja lina 14. Nimetafuta intaneti usiku kucha lakini kila picha naona ni sawa na nyingine, macho yashaanza kuniuma. Mnaojua nisaidieni, nitajuaje ni gari gani?

kijana_wa_kisauni
Spoki 12 ni Ford bro, rahisi hivyo. Hilo la 14 litakuwa la Rolls Royce 😂 umetajirika, tukumbuke.

skrapu_shimanzi
Ukinletea mimi ntayapima kwa kilo tu, mbao unabaki nayo kwako uchomee mahamri. Lakini nikwambie ukweli, miaka ya nyuma nlivunja moja kama hizo hapa uwanjani kwetu, nikatoa chuma mbao nikatupa, baadaye akaja mteja akauliza "ile iko wapi", nlipomwambia nshaivunja yule bwana alikaa chini kwenye dramu la mafuta akashika kichwa. Sijawahi kuona mtu mzima kafanya vile kwa sababu ya gurudumu. Usiuze haraka.

mzee_wa_gereji
Wa alekum salam mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Nimefanya gereji miaka mingi Makupa na magari ya kale ndiyo ugonjwa wangu, kwa hivyo nisamehe nikiandika marefu.

Kwanza huyo kijana wa Kisauni asikudanganye. Kuhesabu spoki ndiyo kosa la kila mtu. Magari ya miaka ile mengi yalikuwa na spoki 12, Ford, Chevrolet, Dodge na wengine chungu nzima, maana viwanda vya magurudumu vilikuwa vichache na kila mwenye kiwanda cha magari ananunua hukohuko. Hesabu ya spoki ni kama kusema mtu ana vidole vitano halafu uulize ni wa ukoo gani.

Anza na katikati. Pale spoki zinapokutana. Gurudumu la gari la kukokotwa, la punda au la hamali, lina kitovu cha mbao, gogo lililochongwa duara kama mtungi, likatobolewa matundu na kila spoki ikachomekwa tundu lake. Gurudumu la motokaa si hivyo. Spoki zake zimechongwa mwisho kama kabari, zikabanana zenyewe kwa zenyewe kama pande za chungwa, kisha zikakamatwa katikati ya sahani mbili za chuma kwa bolti. Hakuna gogo. Waingereza walianza kuliita gurudumu la mizinga kwa sababu jeshi lao lilitumia mtindo huo kwa gari za kukokotea mizinga, spoki ikivunjika vitani waifungua na kuweka nyingine bila kutupa gurudumu zima. Watu wa motokaa wakaona ni kitu cha maana wakauchukua.

Kwa hivyo kabla sijasema lolote, nenda na tochi na futi uniletee haya: katikati ni gogo la mbao au sahani za chuma, na kama ni sahani, bolti ngapi. Rimu ina upana gani toka upande hadi upande. Kingo za rimu zimekunjwa kwa ndani kama ukucha ama zimesimama tu. Rimu inatoka, yaani kuna vishikizo vya bolti kuizunguka, ama imegandana na mbao. Na lipi lina dramu ya breki na lipi halina. Usisugue kitu chochote kwanza, hasa ile rangi ya zamani, rangi za siku zile zilikuwa na madini ya risasi (lead) ndani na vumbi lake ni sumu, stoo yenyewe nadhani haina hata dirisha.

binti_tudor
Nakubaliana na mzee hapo kwa rangi. Watoto wasichezee huko. Mimi nafuatilia huu uzi, kazi yangu ni mbao na nna hamu kujua.

mjukuu_kibokoni
Shukran sana mzee. Nimerudi saa hii, nimejaa vumbi mpaka masikioni. Haya:

Yale matatu ya spoki 12 katikati ni chuma, sahani mbili, bolti 6. Lile la 14 lina gogo la mbao kama ulivyosema, kama mtungi kweli, na nje limevikwa mkanda wa chuma, hakuna pahali pa tairi. Ami alivyosikia hivyo akacheka mpaka akakohoa.

Matatu: rimu ni inchi 24 na kidogo, karibu na nusu. Kingo zimekunjwa kwa ndani. Kuna vishikizo vinne vyenye bolti kuizunguka, moja bolti imekatika. Mawili yana dramu, moja halina.

kijana_wa_kisauni
24! Nimeangalia, rimu za mbele za Ford T, ile Ford ya kale, zilikuwa 24. Nlikuambia ni Ford mimi.

mzee_wa_gereji
Kijana umepata jina la gari lakini njia umepita kwa jirani. Tulieni.

Mjukuu, futi umeiweka wapi? Nadhani umepima toka ncha ya ukingo mpaka ncha ya ukingo. Sio hapo. Pima pale tairi linapokalia, chini ya ule mkunjo, kwenye sakafu ya rimu. Zile kucha zinaongeza karibu inchi moja na zaidi kwa jumla.

Kwa wale wengine wanaosoma, hizi namba za zamani zina ujanja wake. Tairi siku zile ziliandikwa kwa kipimo cha nje na unene, mfano 30x3½, yaani tairi likiwa limejaa upepo lina inchi 30 toka juu hadi chini na unene wake ni inchi 3 na nusu. Sasa ukitaka rimu watoa unene mara mbili, juu na chini, 30 toa 7 wabaki na 23. Ford T iliyokuwa na rimu zisizotoka, za Marekani, mbele ilivaa 30x3 na nyuma 30x3½. Yaani rimu za mbele ni 24 na za nyuma 23, gari moja saizi mbili, na spea ukibeba wabeba ya wapi? Watu walikuwa wakipata pancha wakakaa kando ya barabara wakatoa tyubu hapohapo. Ndiyo maana kuanzia 1919 Ford wakatoa rimu za kufungua, vishikizo vinne, na hapo zikawa zote 30x3½, mbele na nyuma. Kwa hivyo ukiwa na vishikizo vinne na rimu imekunjwa kingo, nategemea 23 kwa yote matatu. Ukipima ukapata 24 kweli kweli basi mimi nimekosea na itabidi tuanze upya, na nitamuomba kijana msamaha hapa hadharani.

mjukuu_kibokoni
Mzee nimepima tena, binti wa shangazi kanishikia tochi. 23. Yote matatu, 23 barabara. Kijana samahani.

kijana_wa_kisauni
😅 sawa, lakini bado ni Ford au sio?

mzee_wa_gereji
Pole pole. 23 peke yake haitoshi, hata Chevrolet ile modeli ya 490 ya enzi hizohizo ilivaa 30x3½, na si yenyewe tu. Vishikizo vinne na bolti sita za kitovu vinaelekeza kwa Ford T vizuri lakini sitaki mtu akaapa kwa maneno yangu. Vitu viwili vimebaki. Dramu, ipime kwa ndani. Na kitovu chenyewe, kile kikombe cha chuma kinachofunika mbele, kama kipo.

Na tazama jambo moja ambalo watu wengi hupita bila kuliona: gurudumu la mbele halina dramu. Hiyo si bahati mbaya wala halijapotea. Magari mengi ya bei nafuu siku zile mbele hayakuwa na breki kabisa. Buick walileta breki za magurudumu manne 1924, Chevrolet mpaka 1928, Ford mpaka walipoiacha T wakatoa A mwisho wa 1927. Kwa hivyo ukikuta gurudumu la mbele la mbao likiwa na dramu, hilo ni la baadaye kidogo. Hilo lako ni la kale kuliko hapo. Na kwenye Ford T hata hizo dramu za nyuma ni za breki ya mkono, breki ya mguu iko ndani ya giaboksi, wakikanyaga wanakamata shafti kule kati. Mteremko wa kushuka pale Mazeras na gari kama hiyo, subhanallah.

mjukuu_kibokoni
Dramu 8. Nane kamili kwa ndani. Kikombe kiko kimoja tu, cha lile lisilokuwa na dramu, lakini kimeliwa na kutu, naona kama kuna maandishi, siyasomi.

binti_tudor
Weka karatasi nyembamba juu, ile ya kufungia mikate hasa, halafu usugue taratibu kwa penseli ukiwa umeilaza. Maandishi yatajitokeza kwenye karatasi. Nafanya hivyo kwa nakshi za milango. Usikwaruze kwa kisu wala brashi ya waya, ukishafuta umefuta.

mjukuu_kibokoni
WALLAHI. Herufi ya kwanza F ina mkia umejikunja, halafu o, r na d wa mwisho hauonekani vizuri lakini mkia wake upo. Mama amelia, mimi mwenyewe nimeona haya. Mjomba ameshapiga simu kwa nusu ya ukoo.

mzee_wa_gereji
Mashallah. Basi hiyo ni Ford T, matatu hayo. Dramu 8 yasema haikuwa ya mwisho mwisho, maana 1926 na 1927 wakapanua dramu zikawa 11 na rimu nyingi zikashuka kuwa 21 zenye tairi nono. Rimu za kufungua zasema si kabla ya 1919. Kwa hivyo katikati ya 1919 na 1925, zaidi ya hapo sithubutu kwa sababu magurudumu yalihamahama, mtu akivunjikiwa anachukua la gari jingine, na Ford T zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 toka 1908 hadi 1927, kwa hivyo spea zilikuwa kila mahali.

Na gari lenyewe kwa uwezekano mkubwa halikutoka Marekani. Ford ya Kanada ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza kwenye makoloni ya Mwingereza, kutoka 1904 walipoianzisha, kila pahali isipokuwa Uingereza yenyewe. Ukipata mtu wa kukufungulia kitovu tazama ndani kama kuna alama ya Kanada.

Lile la nne ami yako ashinde robo. Ni la gari la kukokotwa, kitovu cha gogo, mkanda wa chuma umevalishwa ukiwa moto ukapoa ukabana. Huenda la hamali, huenda la punda, kwa maelezo tu siwezi kukuambia. Marehemu babu inaonekana alikuwa hatupi kitu.

mjukuu_kibokoni
Ami amesema robo si haba, yuadai alikuwa na haki toka mwanzo 🙄

Sasa swali la pili. Spoki zinacheza. Ukilishika moja lile la dramu ukatikisa, lalia kriii kriii. Jirani ambaye ni fundi wa mashua asema tulitie kwenye pipa la maji siku mbili mbao ifure ikaze. Ni kweli?

mzee_wa_gereji
Hapana hapana hapana. Ndiyo walikuwa wakifanya hivyo zamani, wakiingiza gari kwenye mto kabisa lilale na magurudumu majini, na kweli asubuhi linakaza. Lakini mbao ikifura na chuma hakisogei, basi mbao yajiponda yenyewe, na ikikauka inakuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Wiki mbili baadaye yacheza zaidi. Namheshimu fundi wa mashua, mashua hukaa majini daima, gurudumu halikai.

binti_tudor
Niingie hapo. Mzee umesema sawa. Mbao za hizo ni mti wa Marekani unaoitwa hikori, wanautumia mpaka kwa mipini ya nyundo kwa sababu unavumilia kupigwa bila kupasuka. Hapa kwetu watu watakwambia weka mvule au bambakofi, ni mbao nzuri mno, bambakofi ndiyo milango na mashua ya Lamu, lakini ugumu si sawa na kunyumbuka. Spoki ya gari hupigwa kila shimo. Kama ni kwa kuonyesha tu nyumbani bambakofi sawa, kama siku moja mtu atalifunga kwenye gari na kukaa juu yake, hapana, nakuomba.

Kwa sasa fanya hivi. Yatoe sakafuni, simenti ya Mji wa Kale ina unyevu na chumvi, weka juu ya vipande vya mbao mahali penye hewa lakini si juani, ukiyaanika juani yatapasuka kwa siku moja. Tazama matundu madogo kama ya sindano na unga chini yake, hao ni bungua, na njia za udongo ni mchwa. Gonga kila spoki kwa kipande cha mti, iliyo nzima italia juu kama mlango mzuri, iliyooza italia bubu. Nzima ukitaka kuilisha pakaza mafuta ya kitani (linseed) kidogo kidogo. Na tafadhali, usipake oili chafu! Najua gereji zote zafanya hivyo kwa kila kitu, oili chafu kwa mbao ni kama kumpaka mtu dizeli.

mzee_wa_gereji
Hiyo ya dizeli nimeihisi binafsi 😄 lakini kweli nakiri, tumeharibu nyingi hivyo.

skrapu_shimanzi
Sasa elfu tatu zile vipi? Nambie ukweli mzee, zina thamani?

mzee_wa_gereji
Bei sitaji kwa sababu bei ni ya anayetaka siku hiyo. Lakini jambo moja: tairi za 30x3½ bado zatengenezwa mpaka leo kwa ajili ya wenye magari ya kale. Kitu ambacho tairi yake bado yauzwa baada ya miaka mia si kuni. Wako watu Nairobi wenye magari ya namna hii, wengine huyapeleka kwa Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, hao wakisikia kuna vitovu viwili vya nyuma vya Ford T na dramu zake watakuja wenyewe. Gurudumu lenye kitovu na dramu na rimu zake likitobolewa kuwekwa kioo halirudi tena. Meza ataipata popote, hata lile la hamali amuuzie, ndilo zuri zaidi kwa meza, gogo lake lachukua taa katikati.

mjukuu_kibokoni
Tumekaa kikao jana baada ya isha. La hamali ami ameuza, amekataa elfu tatu akapata elfu nne na nusu, sasa anatembea kama waziri. Yale matatu yanabaki, tumeyaweka kibarazani ndani juu ya mbao kama dada alivyosema, na nimegonga spoki zote, 33 nzima, tatu bubu. Za lile linalolia kriii.

Na mjomba amekumbuka jambo. Asema babu alikuwa na la nne, Ford kamili, na kwamba alimpa rafikiye aliyekuwa na shamba huko Jomvu kulifanya la kuchotea maji kisimani, kamba inazungukia. Shamba limeuzwa zamani lakini kisima bado kipo, tumeambiwa. Jumapili tunaenda na futi.

mzee_wa_gereji
Pimeni chini ya mkunjo.